Barnaba Lusweti na Magari Yasiyovaa Shati

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria mekoni, punguzeni moto kidogo. Kama redio iko dirishani, isogezeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa magari. Lakini si magari ya kupanda. Ni magari ya kubeba kwapani.

Jina lake ni Barnaba Lusweti. Barnaba Lusweti wa Lurambi, aliyekulia Mautuma, dereva wa trekta la miwa kule Kabras kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alituacha mwezi huu, akiwa na miaka sabini na mmoja. Jumamosi iliyopita tulimzika kwao Mautuma, katika shamba la baba yake. Mimi mtangazaji wenu Shitanda nilikuwepo. Nililia kama watu wengine. Na nilicheka pia, tena kwa sauti, mbele ya mhubiri na mbele ya jeneza. Mkinivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba sikukosa adabu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Barnaba alitengeneza magari madogo yaliyofanana na magari makubwa kwa kila kitu. Kila sentimita kumi za gari kubwa, kwake zilikuwa sentimita moja. Bodi alikata kutoka mikebe ya mafuta ya kupikia. Matairi alichonga kutoka patipati, zile ndara za mpira, zilizochakaa. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli. Taa, usukani, pedali, hata kile kifuniko cha tangi kinachopoteanga kila siku, vyote vilikuwemo. Na ole wako ukiyaita magari hayo vitu vya kuchezea watoto. Mzee alikuwa anakukazia macho mpaka unatafuta mlango.

Alianzia wapi? Alianzia Mautuma. Baba yake alipata shamba pale baada ya wazungu kuondoka, na katikati ya mahindi palibaki trekta bovu la mwenye shamba wa zamani. Hakuna aliyeweza kulivuta. Basi watu wakawa wanalima wakilizunguka. Watoto wengine waliona chuma kimekaa bure. Barnaba aliona somo. Alilipanda, alilifungua, alilijua skrubu kwa skrubu. Alipokua akaenda Kabras kuendesha trekta, na siku ya kwanza aliyempa kazi alimuuliza alifundishwa na nani. Akasema, "Lilinifundisha trekta moja lililokufa."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kosa lake kubwa la kwanza, na kosa hilo tutakutana nalo tena.

Madereva wa miwa hukaa foleni ndefu kiwandani, wakingoja trela zao zipimwe. Wengine hulala. Wengine hucheza drafti. Barnaba alichukua uzi akaanza kupima trela lake. Urefu, upana, kimo cha mbele, kimo cha nyuma. Alipima kwa makini kabisa. Kisha akaenda nyumbani akatengeneza trela dogo, akalipaka rangi, akalirudisha kwenye foleni kuwaonyesha wenzake. Alikuwa amevimba kifua.

Dereva mmoja mzee aliyeitwa Oduor alilishika, akaliweka chini, akalitazama kwa ubavu. Akauliza, "Kijana, hii ulipima lini?"

"Hapa hapa kwa foleni."

"Ikiwa imebeba?"

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Alipima trela likiwa na miwa. Springi zilikuwa zimelala, matairi yamebonyea, kitako kimeshuka. Akatengeneza trela tupu lenye mgongo wa trela lililojaa. Oduor akacheka, akasema, "Hii trela imezaliwa kama imechoka." Foleni nzima ikacheka naye.

Lakini Oduor hakuishia kwenye kicheko, na hili ndilo Barnaba alilolisimulia mpaka uzeeni. Oduor aliligeuza lile trela juu chini, akamwambia, "Ndoano ya kufungia ni kali. Hata ya kiwandani haijachomelewa hivi. Sasa kesho tukimwaga miwa, pima tena." Kesho yake Oduor mwenyewe akamshikia ncha ya uzi.

Barnaba alitengeneza trela jipya, lililo sawa. Lile lililochoka hakulitupa. Alilitundika ukutani, na kila karakana aliyohamia alihama nalo.

Alipostaafu alikuja Lurambi na mkewe, Mama Jepkemboi, wakajenga nyumba na kando yake kibanda cha mabati. Kibanda hicho kikawa karakana. Watu wakaanza kuchungulia. Wa kwanza alikuwa Lynette Awinja, mshonaji nguo wa sokoni. Akaja Osiako, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari. Akaja Tyson, kinyozi, ambaye mpaka leo sijui alipata wapi subira ya kukaa na mkebe jioni nzima. Baadaye walikuwa wengi kiasi cha viti kukopwa kwa jirani. Walikutana kila Jumapili baada ya kanisa, na Mama Jepkemboi akiwapikia chai, na siku ya bahati, ingokho, kuku wa kienyeji.

Barnaba akawawekea sheria. Ni sheria ya ajabu kidogo, kwa hivyo nitaisema polepole. Gari haliletwi mezani likiwa limepakwa rangi. Linaletwa bati tupu, lehemu ikionekana, mikwaruzo ikionekana. Wenyewe walisema gari halijavaa shati. Linazunguka mkono kwa mkono. Kila mtu analishika, anataja uzuri mmoja, kisha kasoro moja. Uzuri kwanza, kasoro baadaye. Na mwenye gari hafungui mdomo. Hajitetei, haelezi, hakohoi kwa maana. Likimaliza mzunguko, anayeongoza meza siku hiyo anasema, "Mwenye gari, sema sasa." Hapo ndipo anaruhusiwa. Rangi inakuja baada ya hapo.

Ukimuuliza kwa nini rangi isije mapema, alikuwa anakujibu kwa maneno matatu ya wahenga: mficha uchi hazai.

Nimesema sheria ilikuwa yake. Sijasema aliiweza. Barnaba Lusweti alikuwa mtu wa mwisho duniani kuweza kunyamaza gari lake likizunguka. Lynette aliniambia, "Shitanda, yule mzee alikuwanga anauma ulimi mpaka machozi yanatoka. Halafu mtu akigusa tu breki, anaruka: 'Hapana, ile modeli haina hiyo!' Tunampiga faini ya kwenda kuchota maji ya chai. Hiyo nyumba haikuwahi kukosa maji."

Osiako naye ana lake. Alipoleta lori lake la kwanza, lilikuwa limepinda upande mmoja. Aliliona limepinda tangu nyumbani, na njiani alikuwa ameamua akicheka mtu mmoja tu, analitupa mtaroni. Lori likafika mikononi mwa Barnaba. Mzee akafungua mlango wake, akaufunga, akaufungua tena. Akasema, "Huu mlango unafunga vizuri kuliko wa nyumba yangu." Kisha akasema, "Chesi, hii fremu ya chini, imepinda kwa sababu ulichomelea upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa ule mwingine. Moto ulivuta bati. Choma nukta hapa, nukta kule, ukipishana." Osiako alipopewa nafasi ya kusema, alisema anataka kulitupa.

Barnaba akamkatalia. "Ukitupa hii, hilo kosa utalibeba kwa ingine. Kaa nayo. Inyooshe."

Alilinyoosha. Lori hilo liko juu ya kabati kwake mpaka leo, na mkewe haruhusiwi kulipangusa.

Msidhani mzee alitoa tu bila kupokea. Yeye alikuwa anakata bati moja kwa moja kwa jicho, na mabati mengi yalikuwa yanaharibika. Lynette akamwambia, "Baba, mimi sikati kitambaa kabla ya kukata karatasi. Wewe unakatia bati wazimu gani?" Tangu siku hiyo karakana nzima ikawa inakata karatasi kwanza. Na Barnaba alimtangaza kila mahali kwamba huyo ndiye mwalimu wake. Alijivunia kufundishwa kama wengine wanavyojivunia kufundisha.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika mahali pagumu.

Miaka miwili iliyopita mikono ya Barnaba ilianza kutetemeka. Kwanza mkono wa kulia, halafu yote miwili. Daktari alimweleza kwa upole kwamba dawa zitapunguza, lakini hazitaondoa. Mzee akarudi nyumbani, hakumwambia mtu yeyote wa Jumapili. Mama Jepkemboi ananieleza: "Alikuwa anaketi na mikono chini ya meza. Anafikiria mimi sioni. Mimi nilimuosha hiyo mikono grisi miaka yote, sasa nikose kuiona? Siku moja akaniuliza, 'Jepkemboi, fundi asiye na mikono anaitwa nani?' Nilimwekea chai tu."

Hilo ndilo lililomkalia moyoni. Hakuogopa kufa, huyu. Aliogopa Jumapili moja watu watamzunguka kama wageni wanavyomzunguka mgonjwa, wamsifu, waondoke.

Alikuwa ameanza gari lake la mwisho. Lilikuwa trekta, lile lile bovu la Mautuma lililomfundisha, ila hili alitaka liwe zima, kama siku zile lilipokuwa linalima. Na alitaka livute lile trela la ukutani, trela lililochoka. Alilifanyia kazi mlango umefungwa. Lehemu ikawa inadondoka ovyo, inaganda vidonge vidonge. Alisugua kwa msasa, mkono ukateleza, akakwaruza zaidi. Mwishowe alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa meza ile ambaye angeliamini. Alilipaka rangi.

Jumapili ikafika. Akaliweka mezani. Jekundu, linang'aa, limevaa shati mpaka kifungo cha shingo.

Tyson, ambaye hajui kutulia, akamwambia mzee, "Buda, leo gari imekuja na shati?"

"Nilikuwa na haraka," Barnaba akajibu. "Maonyesho ya kilimo yako karibu."

Trekta likazunguka. Tyson akasema, "Imeweza." Kasoro? "Sioni." Osiako akasema ni zuri. Kasoro? Akatazama chini, akasema hana. Likazunguka hivyo, sifa tupu, sifa tupu. Barnaba akakaa pale akizila kama uji usio na sukari. Kwa mara ya kwanza alinyamaza mpaka mwisho, na hakuna aliyefurahi.

Likafika kwa Lynette, wa mwisho. Lynette hakulitazama kwanza. Alipitisha kidole gumba chini ya boneti, taratibu, jinsi anavyopapasa mshono. Mzee ndiye aliyemfundisha kushika lehemu. Angeweza kusema "zuri" kama wenzake, na chai ikanywewa, na mzee akarudi ndani na trekta lake. Alijua pia kwamba asiposema, hiyo ndiyo Jumapili ambayo mzee ataacha kuwa fundi na kuwa mgonjwa wao.

Akasema, "Uzuri: kiti cha dereva. Kimelika mahali dereva anakalianga. Hakuna mtu mwingine angekumbuka hiyo." Kisha akaendelea, "Kasoro: lehemu ya boneti imeganda vidonge, na rangi imekuja kuificha. Baba, ningekuwa mimi nimeleta hii, ungenirudisha nyumbani."

Osiako aliniambia alitamani ardhi ipasuke. Ilikuwa zamu yake kuongoza meza. Akajikaza, akasema, "Mwenye gari, sema sasa."

Barnaba alitoa mikono yake chini ya meza, akaiweka juu, mbele ya watu wote. Ikawa inatetemeka hapo kati ya vikombe, na kijiko kimoja kikawa kinalia kwenye sahani yake. Kisha akasema, "Ni hii."

Hakuna aliyesema pole haraka. Namshukuru Mungu kwa hilo. Osiako ndiye aliyesema kwanza. "Mzee, hii ungeileta mapema. Si ndiyo sheria yako? Kitu kije bila shati."

Na Barnaba akacheka. Mama Jepkemboi anasema alikuwa mekoni, akasikia kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu siku ya daktari, akaacha chai ikamwagika jikoni.

Jioni ile ile walilivua trekta shati. Tyson akaleta dawa ya kuondoa rangi, Osiako akasugua kwa msasa, Lynette akakata karatasi ya boneti mpya. Kuanzia hapo ilikuwa hivyo kila Jumapili, na siku nyingine katikati. Barnaba alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, akatengeneza trekta kwa mdomo. "Moto mbali kidogo. Hapo. Ondoa. Ngoja bati ipumue." Alikuwa mkali, msidanganyike. Aliwafanya warudie bomba la moshi mara nyingi mpaka Tyson akatishia kurudi kunyoa watu Jumapili. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na mzee alikuwa amepata vidole vingi. Na swali lake lilipata jibu. Mama Jepkemboi alimwambia usiku mmoja walipokuwa wanakula obusuma, yaani ugali: "Uliniuliza fundi asiye na mikono anaitwa nani. Mimi nasikia wanakuitanga fundi."

Trekta lilikamilika, bati tupu, likingoja mzunguko. Halikuzunguka. Barnaba alishikwa na kichomi, akalazwa, na alfajiri moja akapumzika. Barnaba Lusweti, dereva, fundi, mume, baba. Siku chache kabla ya hapo alimwachia Lynette agizo moja tu: "Ile trela, siku moja muipakie. Tangu nizae hiyo kitu haijawahi kubeba mzigo."

Sasa twende Mautuma, Jumamosi iliyopita. Watu wamejaa. Kwaya imeimba. Tyson alikuwa amenunua rangi nyekundu, nzuri kabisa, ili trekta lipambwe kwa heshima ya siku. Mama Jepkemboi aliona mkebe, akamwambia, "Weka mbali mwanangu. Halijazunguka bado."

Basi likazunguka pale pale, mbele ya jeneza. Trekta la bati tupu, na nyuma yake lile trela la zamani lililozaliwa limechoka. Lynette alikuwa amekata vijiti vya matete, vyembamba kama miwa ya kipimo cha trela dogo, na watu wa meza wakavipanga ndani mpaka juu. Na trela, wasikilizaji wapendwa, likakaa sawa. Lile lile, springi zimelala, kitako kimeshuka. Lilikuwa trela la miwa lililojaa, linarudi kutoka shambani, na hakuna dereva wa Kabras ambaye angelikosoa. Madereva wazee waliokuwepo walisimama.

Osiako akalishika. "Uzuri: boneti imenyooka. Kasoro: gurudumu la nyuma linasugua kidogo. Hiyo ni kazi yangu, na nilimwambia iko sawa."

Tyson akalishika. "Uzuri: usukani unazunguka. Kasoro: bomba la moshi imeenda kushoto. Ni mimi niliichoma." Akaanza kueleza kwa nini, na watu wa meza wakamkemea kwa pamoja, "Nyamaza!" Hapo ndipo nilipocheka, na mhubiri akacheka kabla yangu, nina mashahidi.

Lynette akalishika. Alisema uzuri ni kile kiti. Kasoro hakuweza kuisema, akalipitisha mbele.

Likafika kwa Mama Jepkemboi. Miaka yote hiyo alipika chai, hakuwahi kukaa mezani. Alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Uzuri: amerudi nyumbani hajaficha kitu. Kasoro: ameondoka kama bado tunaongea."

Na Osiako, kwa mazoea tu, kabla hajajua anachosema, akatamka, "Mwenye gari, sema sasa."

Tukangoja. Nawaambia kweli, uwanja mzima ulingoja.

Mama Jepkemboi akaliweka trekta juu ya jeneza. Akasema, "Leo ameweza."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Jepkemboi, kwa watoto na wajukuu, kwa ukoo wa Lusweti kule Mautuma, kwa madereva wa Kabras na kwa meza ya Lurambi, sisi hapa studio tunawapa pole kutoka moyoni. Mmempoteza mtu, na mna haki ya kutembea mkiwa mmeinua vichwa. Karakana haijafungwa. Jumapili hii Lynette ndiye anayeongoza meza, na Mama Jepkemboi amesema chai ipo, ila sasa ana kiti chake.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ana kitu anachokitengeneza. Labda ni nyumba, labda ni ndoa, labda ni mtoto, labda ni mikono yako mwenyewe inayoanza kukataa. Kabla hujakipaka rangi, kiweke mezani mbele ya watu wanaokupenda. Waache wataje uzuri. Waache wataje kasoro. Na wewe, kwa ajili ya Barnaba Lusweti ambaye ilimchukua maisha yake yote kujifunza, jaribu kunyamaza.

Mulembe, amani kwako, Mzee Barnaba. Nenda polepole, umebeba.